Kijiji Chetu na Watu Wake

Mtoto akiulizwa, «Kwenu ni wapi?» anajibu upesi, «Kwetu ni Kingamyambo.» Lakini akiulizwa tena, «Kingamyambo iko mahali gani katika nchi, na watu wanaokaa kijijini kwenu ni wangapi?» ananyamaza, anatazama chini, anachora mchanga kwa kidole cha mguu.

Leo tutajifunza kujibu maswali hayo mawili. La kwanza ni la nchi: milima, mito, mvua na udongo. La pili ni la watu. Mtu anayejua nchi tu bila kujua watu wake ni kama mtu anayejua nyumba lakini hajui nani analala ndani.

1. Mahali tunapokaa

Kingamyambo ni mahali karibu na mji wa Kolwezi, si mbali na mto Musonoi. Kolwezi ni mji mkuu wa jimbo la Lualaba. Jimbo hilo lilianza mwaka 2015, wakati jimbo kubwa la Katanga lilipogawanywa kuwa majimbo manne: Haut-Katanga, Haut-Lomami, Lualaba na Tanganyika. Jimbo la Lualaba lina teritwari tano, nazo ni Dilolo, Kapanga, Lubudi, Mutshatsha na Sandoa. Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni mwendo wa kilometa 300 hivi.

Nchi yetu iko juu. Kolwezi imezidi meta 1,400 juu ya bahari. Kwa sababu hiyo, asubuhi za mwezi wa 6 na wa 7 ni za baridi kali. Watoto wanafika shuleni wamekunja mikono kifuani, na moshi mweupe unatoka vinywani mwao.

Tena nchi yetu iko kusini ya mstari wa Ikweta. Unaweza kuhakikisha jambo hilo wewe mwenyewe, bila kitabu. Simamisha fimbo iliyonyoka katika uwanja wa shule saa sita ya mchana. Katika mwezi wa 6 kivuli cha fimbo kinaelekea kusini, maana jua liko upande wa kaskazini. Katika mwezi wa 12 kivuli kinageuka, kinaelekea kaskazini. Weka jiwe mahali kivuli kinapoishia, ukaandike tarehe. Baada ya miezi sita utazame tena.

2. Mvua na kiangazi

Mwaka wetu una nyakati mbili kubwa. Mvua inaanza mwezi wa 10 au wa 11, inaendelea mpaka mwezi wa 3 au wa 4. Kisha inakuja kiangazi. Majani ya pori yanakauka, na moto wa pori unaonekana usiku kama mstari mwekundu kilimani. Mwezi wa 10, kabla mvua haijashika vizuri, ndio wenye joto kuliko yote.

Pori letu linaitwa miombo. Miti yake ina desturi ya ajabu: majani yake mapya yanatoka kabla ya mvua, nayo ni mekundu, halafu yanakuwa ya kijani. Wazee wakiyaona wanatengeneza mipini ya majembe. Mvua ikinyesha, akina mama wanaingia porini kutafuta uyoga, na baadaye viwavi vinavyoliwa. Katika mashamba watu wanapanda mahindi, mihogo, karanga, maharagi na viazi vitamu. Kando ya mito wanalima bustani za lengalenga na vitunguu hata wakati wa kiangazi. Mahindi na mihogo yanatupa unga wa bukari. Majani ya mihogo yanatupa sombe.

3. Mto wetu unakwenda wapi?

Mto Musonoi unapeleka maji yake katika mto Lualaba. Lualaba unaanza kusini, katika nchi ya juu karibu na mpaka wa Zambia, unashuka kwenda kaskazini. Karibu na Kolwezi umefungwa kwa ukuta mkubwa pale Nzilo, na mbele kidogo pale Nseke. Kuta hizo zilijengwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya kupata umeme. Halafu mto unapita Bukama, unaingia katika maziwa ya Upemba, unapita Kongolo na Kindu. Ukiisha kushuka maporomoko ya Boyoma karibu na Kisangani, unaitwa Kongo, unakwenda zake mpaka bahari ya Atlantiki.

Lakini kusini kwetu, juu ya nchi ya mpaka, mvua inagawanyika. Tone linaloanguka upande huu linaingia katika Lualaba, linafika bahari ya Atlantiki. Tone linaloanguka upande wa pili linaingia katika mto Zambezi, linafika bahari ya Hindi. Matone mawili yametoka wingu moja, yameanguka karibu karibu, lakini hayataonana tena.

Basi, watoto, angalieni. Tukitupa uchafu katika mto wetu, hatujautupa mahali ambapo hapana mtu. Tumempelekea jirani aliye chini, naye atakunywa.

4. Udongo wenye shaba

Katika nchi yetu kuna vilima visivyo na miti. Pori linazunguka kilima pande zote, lakini juu ni majani tu. Sababu yake ni shaba. Shaba ikiwa nyingi katika udongo, miti mingi haiwezi kuota. Kuna mimea michache inayovumilia, na mmoja wao una maua madogo ya rangi ya zambarau. Wazungu waliotafuta madini waliuita ua la shaba, maana ulipoota, wao walichimba.

Lakini watu wetu walijua shaba zamani sana, kabla ya Wazungu. Wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha, waliokota mawe ya kijani. Walijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakatia makala, wakapuliza moto kwa mifuko ya ngozi. Shaba ikayeyuka, wakaimwaga katika vitundu vyenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo haikuwa alama ya dini, ilikuwa mali. Watu walinunua vitu kwayo, wakatoa mahari kwayo. Basanga walikuwa mafundi wakubwa wa kazi hiyo. Baadaye mfalme Msiri, aliyekaa Bunkeya, alipata nguvu nyingi kwa biashara ya shaba na pembe za ndovu, hata alipouawa mwaka 1891.

Mwaka 1906 ilianzishwa kampuni ya Union Minière. Mwaka 1931 njia ya reli kutoka Katanga ilikutana na reli ya Angola, hata shaba ikaweza kusafiri mpaka bandari ya Lobito. Katika miaka ya 1930 mji wa Kolwezi ukaanzishwa. Mwaka 1967 mali ya Union Minière katika Kongo ikawa mali ya Serikali, na kampuni mpya ikaitwa baadaye Gécamines.

Huko Kolwezi kulijengwa kinu kikubwa cha kusagia mawe ya shaba. Mawe yakisagwa, sehemu yenye shaba nyingi inachukuliwa, na tope linabaki. Sehemu ya tope hilo lilishuka katika bonde la Musonoi. Sehemu nyingine ilikusanywa Kingamyambo. Likawa nchi tambarare, kubwa, isiyo na majani. Wakati wa kiangazi upepo unainua vumbi lake.

Watu walidhani tope hilo ni takataka. Lakini wenye elimu walipolipima, waliona kwamba tope la Kingamyambo na la bonde la Musonoi limepita tani milioni 100. Tena katika kila kilo 100 za tope hilo kuna shaba yapata kilo moja na nusu, na kobalti kama gramu 300. Kobalti inatumika katika betri za simu na za magari ya umeme, na zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia inatoka Kongo. Ndiyo sababu mwaka 2018 kiwanda kipya, kinachoitwa Metalkol, kilianza kulichukua tope hilo na kulitoa shaba na kobalti iliyobaki.

Kitu kilichodharauliwa kimehesabiwa, na thamani yake imeonekana. Je, watu wanaokaa karibu nacho wamehesabiwa?

5. Watu wanaokaa hapa

Watu wa sehemu zetu si wa ukoo mmoja. Wako Basanga, Walunda, Wandembo, Wachokwe, Wayeke na Waluba. Wako waliozaliwa hapa, na babu zao walizaliwa hapa. Wako waliokuja kwa ajili ya kazi ya machimbo au ya reli, na wengine wamekuja kufanya biashara. Ndiyo maana tunasema Kiswahili: kila mmoja ana lugha ya mama yake, na Kiswahili ni uwanja wa kukutania.

Kazi zao ni nyingi. Wengine wanalima. Wengine wanachoma makala na kuyapeleka mjini kwa baiskeli, magunia yamepangwa marefu kuliko mwenye baiskeli. Wengine ni wafanyakazi wa kampuni, walimu, waganga wa zahanati, mafundi wa kushona. Wengine ni wachimbaji wa mikono, wanaotafuta mawe ya kobalti kwa sururu. Wako pia, kwa huzuni tunasema, watoto wanaoosha mawe mtoni wakati kengele ya shule inalia.

6. Kwa nini wazee waliogopa kuhesabiwa

Zamani za Wabelgiji karani alikuja kijijini na kitabu kikubwa. Akaandika jina la kila mwanaume mwenye nguvu. Baada ya hapo mtu huyo alidaiwa kodi, au akapelekwa kufanya barabara, au wakamjia watu wa kuandikisha wafanyakazi wa machimbo. Basi watu waliposikia karani yuko njiani, vijana walikimbilia porini, wakabaki wazee na watoto. Wazee hawakuwa wajinga. Waliona kwamba hesabu ile haikufanywa kwa ajili yao.

Iko hesabu nyingine mbaya, ile ya kutenga. Katika miaka ya 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, hata hapa Kolwezi. Wengi wao walizaliwa hapa. Walikaa stesheni siku nyingi wakingoja gari la moshi, na wengine, hasa watoto, walikufa kwa ugonjwa na njaa. Jirani akimhesabu jirani yake ili kumtoa, hiyo ni dhambi. Msijifunze hesabu hiyo.

Lakini iko hesabu iliyo njema. Musa aliwahesabu Waisraeli jangwani, jamaa kwa jamaa, na kitabu kimoja cha Biblia kinaitwa Hesabu kwa sababu hiyo. Yosefu na Maria walikwenda Betlehemu kuandikwa. Na mchungaji yule wa Injili, aliyekuwa na kondoo 100, alijuaje kwamba mmoja amepotea? Alijua kwa sababu alihesabu. Asingehesabu, asingeondoka kumtafuta.

7. Watu wa Kongo ni wangapi?

Mwishoni mwa miaka ya 1950 watu wa Kongo nzima walikadiriwa kuwa milioni 13 hivi. Mwaka 1984 Serikali iliwahesabu watu wote wa nchi, mjini na kijijini. Walipata watu milioni 30 na zaidi. Tangu mwaka ule hesabu ya namna ile, ya nyumba kwa nyumba katika nchi nzima, haikurudiwa. Siku hizi wenye elimu wanakadiria kwamba watu wamepita milioni 100. Kukadiria ni kutazama gunia la mahindi na kusema, «Nafikiri ni debe tano.» Kuhesabu ni kuchukua debe na kupima.

Mtoto aliyezaliwa wakati wa hesabu ya 1984 leo ni mtu mzima mwenye watoto wake. Kwa hiyo vijiji vingi havijui hesabu yao kwa hakika. Lakini kijiji kidogo hakina haja ya kungoja. Kinaweza kujihesabu chenyewe.

8. Darasa linahesabu kijiji

*Habari hii ni ya mfano, nayo imeandikwa kwa ajili ya kujifunza. Hesabu zake si hesabu za Kingamyambo yenyewe.*

Siku moja mwalimu wa darasa la sita aliwapeleka watoto uwanjani. Akachora kijiji kwa fimbo juu ya mchanga: barabara, kijito, kanisa, kisima, kichuguu kikubwa. Akawagawa watoto makundi manne, kundi moja kwa kila upande wa dunia. Akasema:

«Kesho ni Jumamosi. Nimekwisha kuomba ruhusa kwa mkubwa wa kijiji, naye amewaarifu watu. Mtakwenda nyumba kwa nyumba. Mtapiga hodi kwa heshima, mtaamkia wakubwa. Halafu mtauliza neno moja: Ni nani waliolala hapa usiku wa leo? Msiulize kabila. Msiulize fedha. Andikeni jina, umri, mwanaume au mwanamke, na kama ni mtoto, anasoma au hasomi. Msisahau mtoto mchanga, wala mzee asiyetoka nje, wala mgonjwa, wala mgeni.»

Jumatatu makundi yalileta daftari zao. Mwalimu akaandika ubaoni:

Mashariki: watu 84
Magharibi: watu 67
Kaskazini: watu 92
Kusini: watu 58
Jumla: watu 301

Watoto walifurahi, wakapiga makofi. Lakini msichana mmoja hakupiga makofi. Mwalimu akamwuliza, «Mwanangu, una nini?»

Akajibu, «Mwalimu, wale wanaokaa ng'ambo ya kijito, nyuma ya tanuri za makala, sioni majina yao.»

Mvulana wa kundi la kusini akasema, «Mwalimu, wale si watu wa kijiji. Ni watu wa kupita tu. Walikuja wakati wa mvua.»

Mwalimu akauliza, «Usiku wa kuamkia Jumamosi walilala wapi?»

Mvulana akanyamaza kidogo, kisha akasema, «Walilala pale pale, Mwalimu.»

«Basi ni wa hesabu yetu.»

Saa ya mapumziko mwalimu alivuka kijito pamoja na msichana yule na mvulana yule. Walikuta nyumba moja ya majani. Bibi mzee alikuwa amekaa mlangoni, anachambua sombe. Mwalimu akamwamkia, akaeleza shauri lake. Bibi akamtazama sana, akasema, «Mwanangu, tumekaa hapa miezi mitano. Ninyi ni wa kwanza kuuliza jina langu.» Wakaandika: bibi, binti yake, na wajukuu watano. Watu 7.

Mjukuu wa kwanza, mvulana wa miaka 11, hakuwapo nyumbani. Bibi alisema yuko mtoni, anaosha mawe. «Asipoosha mawe,» akasema, «hatuli.»

Waliporudi darasani, mwalimu aliandika 301 na 7, ni 308. Halafu mtoto mwingine akainua mkono. «Mwalimu, mimi nimeandikwa mara mbili. Mama aliniandikisha nyumbani, na nyanya aliniandikisha kwake, maana nililala kwake.» Darasa zima likacheka. Mwalimu akafuta mmoja. Jumla ikawa watu 307.

Mwalimu akasema, «Angalieni, hesabu inakosewa kwa njia mbili. Njia moja ni kumwandika mtu mara mbili. Njia ya pili ni kumsahau. Kosa la kwanza linatuchekesha. Kosa la pili halimchekeshi yule aliyesahauliwa.»

Kisha wakapanga majina kwa umri. Waliona kwamba watoto wenye umri wa kusoma shule ya msingi ni 62. Waliokuwa wakisoma ni 49. Mwalimu akaandika ubaoni: 62 toa 49. Watoto wakajibu kwa sauti moja, «Kumi na tatu!»

Mwalimu hakuendelea na hesabu nyingine. Akafungua daftari, akasoma majina yale kumi na matatu, moja moja, polepole. Watoto waliyajua karibu yote. Huyu ni wa jirani, huyu ni ndugu, huyu tulicheza naye mpira jana. Darasa likawa kimya.

Jioni mwalimu na mkubwa wa kijiji walikwenda tena kwa bibi ng'ambo ya kijito. Tangu mwaka 2019 Serikali imesema shule ya msingi isilipishwe. Lakini daftari, nguo na chakula vinabaki shida ya nyumba. Walizungumza mpaka giza. Mkubwa wa kijiji aliwapa kipande cha shamba karibu na kijito kwa kupanda mboga. Wakristo wa jumuiya walileta unga na daftari mbili.

Jumatatu iliyofuata mvulana alikuja shuleni. Jumanne alikuja. Jumatano hakuonekana, alikuwa mtoni. Alhamisi alikuja tena. Mwalimu hakumpiga wala hakumwaibisha. Kila asubuhi aliita jina lake katika orodha, na asipojibu, mtoto mmoja alitumwa kumwulizia. Walibaki kumi na wawili wa kutafutwa.

9. Hesabu ya watu inafaa nini?

Kwanza, inafaa kwa maji. Tuseme kila mtu anahitaji lita 20 kwa siku kwa kunywa, kupika na kuoga. Watu 307 wanahitaji lita 6,140. Hizo ni bidoni 307 za lita ishirini. Kisima kimoja kitaweza? Mkubwa wa kijiji akienda kuomba kisima cha pili akiwa na hesabu hiyo mkononi, maneno yake yana uzito.

Pili, inafaa kwa afya. Dawa za chanjo zinaletwa kadiri ya hesabu ya watoto. Watoto wakiandikwa pungufu, dawa inakwisha kabla ya nyumba za mwisho. Na ugonjwa wa surua hauulizi kama nyumba imeandikwa.

Tatu, inafaa kwa ardhi. Hapa kwetu machimbo yanaweza kupanuka na kufika mashambani. Watu wakitakiwa kuhama, wanaandikwa: nani ana nyumba, nani ana shamba, nani ana miti ya maembe. Aliyeandikwa vizuri ana la kuonyesha. Ambaye hakuandikwa anapata taabu ya kuthibitisha hata mwembe aliopanda babu yake. Tena sheria ya machimbo ya mwaka 2002, iliyosahihishwa mwaka 2018, inaamuru kwamba katika ushuru unaolipwa kwa madini yanayouzwa, sehemu 15 katika kila 100 zipewe serikali ya mahali pale pale yanapochimbwa. Watu wa mahali hapo wakijua hesabu yao, wanaweza kuuliza kwa adabu: Sehemu yetu imefanya nini?

Nne, inafaa kwa kila mtoto peke yake. Mtoto akizaliwa, wazazi wamwandikishe kwa karani wa Serikali kabla siku 90 hazijapita. Padri anaandika ubatizo katika kitabu cha parokia; hilo ni jambo jema, lakini halitoshi mbele ya Serikali. Mtoto asiye na hati ya kuzaliwa ni kama barua isiyo na jina juu yake.

Mungu hana haja ya daftari. Anatujua mmoja mmoja, hata wale wa ng'ambo ya kijito. Sisi ndio tunaosahau upesi. Kwa hiyo tunaandika.

Mambo ya kushika

1. Kingamyambo iko karibu na Kolwezi, katika jimbo la Lualaba, kusini ya Ikweta, katika nchi ya juu.
2. Maji ya Musonoi yanaingia Lualaba, na Lualaba ndio mwanzo wa mto Kongo.
3. Watu wote wa Kongo walihesabiwa mwaka 1984. Hesabu za siku hizi ni za kukadiria.
4. Hesabu njema haimtengi mtu wala haimsahau mtu.

Maneno

*Kukadiria*: kusema kiasi cha kitu bila kukipima.
*Jumla*: hesabu yote pamoja.
*Tambarare*: nchi iliyo sawa, isiyo na milima wala mabonde.
*Kudharau*: kuona kitu au mtu kuwa hana thamani.

Maswali

1. Katika mwezi wa 6 kivuli cha saa sita ya mchana kinaelekea upande gani? Kwa nini?
2. Taja miji mitatu inayopitwa na mto Lualaba kabla haujaitwa Kongo.
3. Kwa nini vilima vya shaba havina miti?
4. Wazee waliogopa kuhesabiwa kwa sababu gani? Je, walikuwa na haki?
5. Kijiji cha watu 240 kina nchi ya kilometa za mraba 6. Ni watu wangapi kwa kila kilometa ya mraba?
6. Mvulana wa kundi la kusini alisema, «Ni watu wa kupita tu.» Wewe ungemjibu nini?

Kazi ya nyumbani

Chora ramani ya nyumba yenu na nyumba tano za jirani. Onyesha njia, maji, miti mikubwa na mahali jua linapotoka. Halafu uliza katika kila nyumba waliolala humo usiku ni wangapi, ukaandike. Ukiisha kujumlisha, jiulize: Nimemsahau nani? Rudi ukatazame tena.